Bembea ya Chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bembea ya Chumvi ni faneli ndogo inayoning'inia kwa uzi juu ya sahani yako. Unaivuta pembeni, unaiachia, nayo inabembea huku ikimwaga chumvi kwa mstari mwembamba unaojichora wenyewe juu ya chakula: upinde, namba nane, au fundo lenye mapindo mengi. Nimeibuni na kuitengeneza mwenyewe, na kwetu haiondoki mezani. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na kila anayeiona kwa mara ya kwanza.

Kuna haja gani? Kichupa cha chumvi kina ubaya gani?

Ubaya wake ni kwamba huoni unachomwaga. Mkono unatikisa kwa mazoea, na wengi hutikisa hata kabla ya kuonja. Punje zinatawanyika, zinazama kwenye mchuzi, na hakuna jicho linaloweza kusema zimeanguka kiasi gani. Ukija kugundua chumvi imepitiliza, ndiyo imeshapitiliza.

Bembea huiweka chumvi katika mstari. Mstari unauona unavyorefuka, unauona unapoanza kunenepa, na unajua saa ya kuziba.

Lakini sababu kubwa zaidi ni ladha. Chumvi iliyopikwa ndani ya chakula imesambaa kote, na nyingi humezwa bila kuugusa ulimi. Chumvi iliyo juu, ikiwa bado punje, huyeyukia ulimini moja kwa moja. Tena ulimi huzoea haraka ladha isiyobadilika. Mstari huacha nafasi: tonge hili limepita kwenye chumvi, la pili halikuipata, la tatu limeigusa ukingoni tu. Ladha inapanda na kushuka, na ulimi haupati muda wa kuzoea. Watafiti wa chakula wamewahi kulijaribu jambo hili kwa mkate wenye matabaka, moja la chumvi nyingi na jingine la chumvi kidogo. Walaji waliuona mkate huo umekolea zaidi kuliko ule uliotiwa chumvi kiasi kilekile lakini ikasambazwa sawasawa.

Mimi nilifundishwa na nyanya. Nilizikata vipande vipana, nikavipanga mpaka vikaifunika sahani, nikachora namba nane moja juu yake. Mwanzoni mstari ulikuwa mweupe na mkavu, punje unaziona moja moja. Baada ya dakika chache nyanya zikaanza kutoa maji pale tu zilipoguswa na chumvi, na ile nane ikageuka kutoka weupe ikawa ya kung'aa, kama njia aliyopita konokono. Nikala kipande kilichopitiwa na makutano ya mistari, halafu kile ambacho hakikupitiwa kabisa. Hicho cha pili kilikuwa na utamu wa nyanya yenyewe, utamu ambao miaka yote nilikuwa naufunika kwa chumvi bila kujua.

Maumbo yanatoka wapi? Kuna mota ndani?

Hakuna mota wala betri. Kuna uzi, ushanga na mvutano wa dunia.

Timazi ya fundi mwashi ikivutwa na kuachiwa huenda na kurudi kwenye njia moja. Bembea yangu imefungwa tofauti kidogo. Nyuzi mbili zinashuka kutoka ncha mbili za mwamba, yaani mbao iliyolala juu ya nguzo mbili za fremu, zinakutana kwenye ushanga, na kutoka hapo unaendelea uzi mmoja hadi kwenye faneli. Ukiitazama kwa mbele unaona herufi Y. Kwa umbo hilo faneli inakuwa na bembea mbili ndani ya moja. Ikienda upande wa mwamba, kushoto na kulia, inabembea kutoka kwenye ushanga, kwa uzi mfupi, kwa hiyo inakwenda haraka. Ikija kwako na kukuondokea, inabembea kutoka kwenye mwamba wenyewe, kwa urefu wote, na hivyo inakwenda polepole. Miendo hiyo miwili inapochanganyika, ncha ya faneli inachora umbo ambalo mkono haungeweza kulichora kwa kukusudia.

Ufungaji huu si wangu. Mwanahisabati wa Scotland, Hugh Blackburn, aliuonyesha mwaka 1844. Michoro yenyewe ilikwisha kuchunguzwa na Nathaniel Bowditch wa Marekani mwaka 1815, na baadaye Mfaransa Jules Antoine Lissajous akaichora kwa mwanga, na leo maumbo hayo yanaitwa kwa jina lake. Wengi baada yao wameyachora kwa mchanga. Nilichofanya mimi ni kuiweka chumvi badala ya mchanga na sahani badala ya sakafu.

Uzi uwe na urefu gani?

Muda wa bembea kwenda na kurudi unategemea urefu wa uzi, si uzito wa faneli. Uzi wa sentimita 25 huchukua sekunde 1. Ukitaka muda uongezeke mara mbili, urefu uongezeke mara nne: uzi wa mita 1 huchukua sekunde 2. Ukilijua hilo, mengine ni kupanda na kushuka kwa ushanga.

Kwa namba nane, upande mmoja lazima uende mara mbili wakati mwingine unakwenda mara moja. Kwa hiyo pima sentimita 40 kutoka kwenye mwamba hadi katikati ya faneli, na sentimita 10 kutoka kwenye ushanga hadi hapohapo. Kwa lile fundo lenye mapindo, upande mmoja uende mara tatu na mwingine mara mbili: sentimita 45 na sentimita 20. Pima kwa rula, usikadirie. Ukikosea kwa sentimita moja, umbo litazunguka taratibu na kujifunika lenyewe. Hilo nalo linapendeza kulitazama, ila linamwaga chumvi nyingi kuliko ulivyokusudia.

Nimepima vizuri, lakini inanichorea upinde tu. Nane iko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipokea kuliko yote, na kosa liko kwenye kuachia. Ukiivuta faneli kwenye kona na kuiachia tu, pande zote mbili zinaanza pamoja kutoka kwenye utulivu, na matokeo yake ni upinde unaokwenda na kurudi juu ya njia yake. Ili upate nane, ivute moja kwa moja kuelekea kwako, isiende kushoto wala kulia. Halafu wakati wa kuiachia ipe kimsukumo kidogo cha ubavuni, kufuata upande wa mwamba. Kidogo sana, kama unavyofukuza chembe ya mkate mezani kwa ncha ya kidole. Jaribu mara kumi juu ya karatasi nyeusi, na mkono utashika.

Ila usiudharau upinde. Kwa samaki mzima au kitu chochote kirefu, upinde ndio bora.

Tundu la faneli liwe kubwa kiasi gani?

Milimita 2, kwa chumvi laini ya mezani. Hapa nakuomba usiwe na haraka, maana chombo kizima kimesimama juu ya tundu hili.

Punje za chumvi ya mezani zina upana wa theluthi moja ya milimita hivi. Tundu likiwa chini ya mara tano au sita ya upana wa punje, punje hukabana, zikajenga tao dogo juu ya tundu, kila moja ikiegemea mwenzake, na mtiririko ukasimama. Tundu la milimita 1 litakusumbua kila siku. Upande wa pili, tundu likikua kidogo tu, chumvi huongezeka sana. Kwa tundu la milimita 2 faneli yangu hutoa gramu 0.2 kwa sekunde. Kwa milimita 3 inatoa zaidi ya mara tatu ya hapo. Faneli yangu ya kwanza niliitoboa kwa msumari nilioukuta karibu. Tundu likatoka pana, na sahani nzima ya mayai ikaharibika kabla sijawahi kuziba. Tangu hapo natumia keekee yenye ncha ya milimita 2, na ukingo wa tundu naulainisha kwa msasa.

Sasa tazama hesabu inavyokuja kuwa rahisi. Namba nane moja kwa vipimo nilivyotaja inakamilika kwa sekunde moja na robo hivi. Kwa gramu 0.2 kila sekunde, nane moja ni robo gramu ya chumvi. Fundo linachukua karibu sekunde 2.7, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya nusu gramu. Unaweza kuhesabu chumvi yako kwa michoro.

Chumvi ikipungua ndani ya faneli, si itatoka polepole?

Hapana. Maji ndiyo yanayofanya hivyo. Yakipungua kwenye chombo, kani yake chini hupungua. Punje huegemea kuta na kubebana, kwa hiyo tundu halihisi uzito wote ulioko juu. Mhandisi wa Ujerumani, H. A. Janssen, alilieleza hilo kuhusu nafaka ndani ya maghala marefu mwaka 1895. Saa ya mchanga inaaminika kwa sababu hiyohiyo, na Bembea pia.

Nitumie chumvi gani?

Chumvi laini, kavu, yenye punje zinazolingana. Yenye madini joto ni sawa kabisa, haibadilishi mtiririko. Chumvi ya mawe na ile ya vipande bapa zitaziba. Pakiti nyingi za chumvi ya mezani zina kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia punje zisishikane, na chumvi ya namna hiyo ndiyo inayotiririka vizuri zaidi.

Inaziba katikati ya chakula. Nifanye nini?

Ni mvuke. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapopita asilimia 75 hivi, na juu ya bakuli la supu ya moto unyevu hupita hapo kwa urahisi. Punje za mdomoni mwa tundu zinalowana, zinashikana, basi.

Acha chakula kitulie mpaka mvuke mzito ukatike. Ukimaliza, usiiache faneli ikining'inia juu ya sahani. Iondoe uiweke kando. Ncha yake iwe sentimita 8 hadi 10 juu ya chakula. Ikiwa chini zaidi inapata mvuke, ikiwa juu zaidi punje zinadunda na mstari unatawanyika. Faneli ioshwe na ikauke kabisa, hata ukisubiri usiku mzima.

Wengi huniambia watie punje za mchele kama wanavyofanya kwenye vichupa. Mchele uwe kwenye chombo cha kuhifadhia chumvi, si kwenye faneli, kwa sababu punje moja ya mchele inatosha kulifunga tundu la milimita 2.

Mbona pembeni mwa sahani kunapata chumvi nyingi kuliko katikati?

Umeona vizuri. Bembea yoyote hupita katikati kwa kasi na hutulia kidogo mwisho wa mwendo kabla ya kugeuka. Chumvi inatoka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo pale inapokawia ndipo mstari unaponenepa. Mimi naweka kitu kinachohitaji chumvi zaidi, kama viazi au mayai, pale ncha za mchoro zinapofika. Ukiiacha ibembee muda mrefu mambo hugeuka: mwendo unafifia, umbo linasinyaa, na chumvi inajikusanya katikati. Ndiyo maana nasema mchoro mmoja au miwili, kisha ziba.

Unaizibaje?

Kwa kizibo kidogo cha mbao kilichofungwa uzi wake. Mwanzoni nilikuwa naziba kwa kidole, lakini meza ni ya watu wengi na kidole cha mmoja si cha wote. Kushoto kwangu kunakuwa na kisahani kitupu. Nikishachora ninachotaka, naidaka faneli kwa mkono wa kushoto, naisogeza juu ya kisahani, naiziba. Chumvi inayoangukia hapo ni safi, inarudi chomboni.

Faneli na fremu zitengenezwe kwa nini?

Faneli iwe ya kioo, ya chuma cha pua, au ya plastiki ngumu iliyokusudiwa kwa chakula. Kuta zake ziwe na mteremko mkali, kwa sababu faneli bapa huacha chumvi imelala pembeni. Usitumie chuma cha kawaida, kitaota kutu, wala shaba tupu. Hata fedha huliwa na chumvi. Mafundi wa zamani walivipaka dhahabu kwa ndani vyombo vya chumvi vya fedha, au wakaviwekea kikombe cha kioo. Ukitaka kuiongezea faneli uzito ili itulie, ivishe nati ya chuma cha pua. Kamwe usitumie madini ya risasi karibu na chakula, hata kama ndiyo uzito ulio karibu nawe.

Fremu ni nguzo mbili na mwamba juu, kama goli, kimo cha sentimita 55 hadi 60, na miguu mipana ya kutosha isiyumbe. Mbao yoyote kavu inafaa. Uzi uwe wa pamba uliosokotwa kwa kubana. Wa nailoni hurefuka kidogo kidogo na kuharibu vipimo.

Kwa nini isining'inie darini, ihudumie meza nzima?

Nilijaribu. Uzi wa mita 2 huchukua karibu sekunde 3 kwenda na kurudi, na kwa sekunde hizo faneli inasafiri mbali kuliko unavyotarajia. Ilipita juu ya glasi mbili za maji, ikamfikia mgeni aliyekuwa ameinama, ikamchorea mstari mweupe kwenye bega la koti jeusi. Alilipokea kwa upole, lakini nilijifunza. Bembea ni ya sahani moja kwa wakati mmoja. Fremu inakaa mahali pake na sahani ndizo zinazosogea. Watu wakiwa wengi panakuwa na foleni fupi, na katika foleni hiyo kila mtu anatazama mchoro wa mwenzake. Sijawahi kuona mtu akilalamika kungoja.

Inafaa kwa pilipili manga au sukari?

Sukari laini ya punje inafaa sana, hasa juu ya matunda. Sukari ya unga haitiririki, inashikana.

Pilipili manga hapana. Iliyosagwa ina vipande vya kila umbo na mafuta yake, inajikunja ndani ya faneli. Na hata kama ingepita, harufu yake nzuri huanza kutoroka mara tu punje inapovunjwa. Pilipili isagwe papo hapo juu ya chakula, ndiyo heshima yake.

Daktari amenipunguzia chumvi. Na wazee wetu wanasema chumvi mbichi ina madhara.

Fuata kiwango ulichopewa na daktari. Bembea si dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na watoto wapate pungufu ya hapo. Wastani wa watu duniani unapita gramu 10. Chumvi ya mezani na ya jikoni zote zinahesabiwa pamoja, iwe mbichi au imepikwa, kwa hiyo hofu ya wazee ina maana: inayoongezwa mezani ni nyongeza juu ya iliyokwisha kuingia.

Ninachoshauri, na ndivyo tunavyofanya, ni kupika chakula kikiwa chapwa kidogo kwa makusudi na kuacha sehemu ya chumvi kwa ajili ya Bembea. Nane moja ni robo gramu. Mbili ni nusu gramu, sehemu moja ya kumi ya kiwango cha siku. Ukichora nane juu ya chakula kilichokwisha kukolea, unajidanganya.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, mkubwa akiwa karibu. Mtoto anayechora mwenyewe juu ya mboga zake huzila, hasa pale mistari inapokutana. Mpe faneli yenye chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai. Hata akiisahau ikabembea mpaka ikaisha, iliyozidi utaikung'uta.

Nani mwingine amewahi kuhangaika hivi na chumvi ya mezani?

Wengi, tena kwa gharama. Katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches mjini Vienna kuna chombo cha chumvi cha dhahabu alichokitengeneza Benvenuto Cellini kwa ajili ya Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa, kikakamilika mwaka 1543. Mungu wa bahari na mungu wa kike wa ardhi wameketi wakitazamana. Chumvi inakaa kwenye mashua kando ya bahari, pilipili kwenye hekalu kando ya ardhi. Kiliibwa mwaka 2003, na mwaka 2006 kikapatikana kimefukiwa msituni. London, katika jumba la Victoria and Albert, kuna merikebu ya fedha yenye kombe la baharini, ya karne ya 16, iliyobeba chumvi mezani.

Na kazi haijakoma. Huko Japani profesa Homei Miyashita alifanya kazi na kampuni ya Kirin kutengeneza kijiko kinachopitisha umeme hafifu ili chakula chenye chumvi kidogo kihisiwe kimekolea, na kikaanza kuuzwa mwaka 2024. Nakiheshimu sana. Njia yangu ni nyingine, ila sote tunatafuta ladha nyingi ndani ya chumvi kidogo.

Kuzunguka kwa dunia hakuharibu mchoro?

Hata kwenye ncha ya dunia, bembea hugeuka digrii 15 tu kwa saa. Wewe unachora kwa sekunde mbili.

Nianzie wapi, sina vifaa vyote?

Kunja karatasi ngumu iwe faneli yenye ncha kali, ibandike vizuri, kata ncha mpaka tundu lifike milimita 2. Itoboe matundu matatu kwenye ukingo wa juu, uyafunge nyuzi tatu zinazokutana. Weka viti viwili vimepeana mgongo, laza fimbo juu yake, funga Y yako hapo kwa ushanga wowote. Chini tandika karatasi nyeusi juu ya sinia. Tia kijiko kimoja cha chumvi, ivute kuelekea kwako, isukume ubavuni kidogo, iachie. Ukishapata nane tatu mfululizo zinazofanana, kunja karatasi katikati na urudishe chumvi yote chomboni. Sasa leta sahani.